Miguu ya Mama Odilo, Kwenda na Kurudi

Odilo alinipigia simu asubuhi, nikiwa nageuza usipa juani hapa nyumbani Mbaha. "Mama mdogo, shikamoo. Mama ametutoka alfajiri." Nyuma ya sauti yake yalinguruma malori ya makaa ya mawe, maana Odilo ni dereva kule Ngaka, nikajua habari imemkuta kazini na kwamba mimi ni miongoni mwa watu wa kwanza kuambiwa. Nilikaa chini palepale kando ya samaki. Kuku wakaja wakajihudumia, nami sikuwafukuza. Kesho yake nilipanda gari kwenda Mbinga, na pale msibani kijana aliyekuwa akiandika historia ya marehemu akaniuliza aniandike kama nani. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja akanijibia: "Huyo ndiye daktari aliyemtembeza." Ikaandikwa hivyo, ikasomwa hivyo mbele ya padri na umati wote, na watu wakageuka kuniangalia kwa heshima. Nilitazama chini. Ni kweli nilimtembeza Mama Odilo, ingawa sikuwahi kuwa daktari. Ila kabla ya kumtembeza nilimfanya aitwe mwongo, na hilo halikusomwa, kwa sababu wengi waliolijua wametangulia na yeye mwenyewe hakuwahi kulisimulia. Basi acha nilisimulie mimi.

Ya wazazi wangu na ukoo wangu nitayaacha. Kila mtu ana wazazi. Nianze na chumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti cha fiziotherapia ambacho nilikuwa nakibeba kwenye bahasha kila niendako, kana kwamba ningesimamishwa njiani kukionyesha. Hospitali ya misheni niliyopangiwa, juu milimani Umatengoni, ilinipa chumba cha kazi kilichokuwa ghala la kahawa. Kahawa ilishahamishwa zamani lakini harufu ilikataa kuhama. Sakafu ilikuwa ya saruji, na katikati yake kulikuwa na mianzi miwili mirefu iliyofungwa juu ya vigingi, kiasi cha kiuno, ili mgonjwa apite katikati huku ameshika. Ukutani palikuwa na kioo kimoja kirefu chenye ufa, na pembeni ndoo ya majivu kutoka jikoni. Nilidhani majivu yale ni ya kusafishia sufuria. Sista Redempta, mtawa aliyekuwa mkuu wa chumba kile, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya kiume kwa sababu vya kike havikumtosha, alichota majivu siku ya kwanza, akayatawanya sakafuni kwa ungo, akaniambia nitembee juu yake bila viatu. "Geuka, tazama. Hizo ndizo nyayo za mtu mzima, hatua sawa na hatua. Sasa subiri uone za wagonjwa wetu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mtu aliyepooza upande mmoja akipita juu ya majivu, nyayo zake zilikuwa zinasema zenyewe: hatua ndefu, hatua fupi, na katikati mfereji mahali vidole vilipoburuzwa. Tulipima kwa kamba ya katani yenye mafundo. Wagonjwa na ndugu zao walitaka sindano. "Dawa iko wapi?" waliuliza, na Sista Redempta aliwajibu wote jibu lile lile: "Dawa ya mguu huu ni kutembea, na atainywa kutwa mara tatu." Tuliwapigia makofi wafuate mdundo, tuliwachorea mistari ya mkaa waivuke mmoja mmoja, tuliwafunga kifuko cha mchanga mguu mzima ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia na kusikiliza. Alisema macho hudanganywa upesi, sikio halidanganywi. Baada ya miezi miwili na mimi nilianza kusikia: pa, shwaa, pa, shwaa, na niliweza kusema nani anapita kwenye varanda bila kuinua kichwa. Nilijiona nimefika.

Nilikula jikoni kwa Mzee Kasto, mpishi wa hospitali, aliyekuwa ameamua tangu siku ya kwanza kwamba mtani wake ni mimi. "Mnyasa, leo tena hakuna samaki. Utaishi?" Nilimjibu nitaishi, lakini nikirudi ziwani nitawaambia watu kwamba huku tunalishwa maharage mpaka tunakaribia kuota. Aliniongezea maharage. Moto wa jiko lile ndio uliokuwa mahali pekee pa joto mwezi wa saba, kwa hiyo kila mtu alikuja na kisingizio chake, na mimi nilisikia habari za milima yote nikiwa nimekumbatia kikombe cha uji. Siku moja niliwatania kwamba kwetu husemwa Wamatengo wana mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa kwenye miteremko. Wakacheka mpaka Mzee Kasto akaweka mwiko chini. "Na nyie Wanyasa," akasema, "mmezaliwa kwenye mchanga, hamjui hata kama mna magoti." Nilicheka pia. Sikujua kwamba katika mzaha ule kulikuwa na somo ambalo chuo kilisahau kunifundisha.

Mama Odilo aliletwa msimu wa kuchuma kahawa, amebebwa kwenye machela na shemeji zake. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mrefu, mwenye mikono mipana ya jembe. Kiharusi kilimpiga shambani akiwa na kikapu kiunoni. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya wiki chache, mkono ukafuata, lakini mguu wa kushoto ulibaki mgumu kama mchi. Goti halikukunjika, vidole vilining'inia, na ili kuupitisha ilimbidi auzungushe nje kwa nyonga. Nilimpenda upesi. Hakulalamika, na alikuwa na mzaha wa chini kwa chini. Alipita katikati ya mianzi akiuambia mguu wake kwa Kimatengo maneno ambayo Sista Redempta alikataa kunitafsiria. Mumewe, Mzee Beno, mtu wa maneno matatu kwa siku, alikuja kila Jumamosi na mahindi ya kuchoma, akakaa mlangoni, akatazama nyayo kwenye majivu jinsi mtu anavyotazama mbegu kama zimeota. Mvua zilipoanza tulimruhusu arudi nyumbani na awe anakuja mara mbili kwa wiki. Mwanawe Odilo alikuwa akisoma kwa mjomba wake Songea, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Chumba changu cha kulala kilikuwa kwenye nyumba ya manesi, na dirisha lake lilitazama njia inayotoka kijijini kwa Mama Odilo kuja kanisani na hospitalini. Njia ile imekatwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, imelalia upande mmoja. Anayekuja kanisani ana mlima kuliani na bonde kushotoni. Jumapili moja mwezi wa kwanza, misa ya kwanza ikikaribia, nilifungua dirisha nikamwona Mama Odilo akija na kanga yake nyeupe ya ushirika wa akina mama wa kanisa. Alikuwa anatembea vizuri. Sisemi nafuu, nasema vizuri, pa, pa, pa, pa, kama mtu asiyewahi kuumwa. Moyo uliruka kwa furaha. Jumanne yake aliingia chumbani kwangu na kwenye sakafu akachechemea kama kawaida, anazungusha mguu, anaburuza vidole. Jumapili iliyofuata nilikaa dirishani kwa makusudi. Akapita tena, mzima. Na Jumapili ya tatu vilevile. Kwenye daftari langu la chuo kulikuwa na ukurasa mmoja unaohusu wagonjwa wanaochechemea pale tu wanapotazamwa. Niliusoma usiku ule mara nne. Niliona nimegundua jambo ambalo hata Sista Redempta na masikio yake hakuligundua, na badala ya kumuuliza yeye, nilinyamaza na siri yangu, nikajisikia mkubwa.

Wiki hiyohiyo alikuja jikoni Mama Adela, dada yake Mzee Beno, yaani wifi yake Mama Odilo, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Alikuwa mkuu wa ngokela ya kijiji chao. Ngokela ni wanawake wa nyumba kumi na kitu wanaolimiana kwa zamu: leo kwako wote, kesho kwangu wote, mwenye shamba anapika chakula na togwa. Kule milimani hakuna mwanamke anayemaliza shamba la ngoro peke yake. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba ubavuni mwa mlima. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo na matuta, na juu ya matuta hupandwa maharage mwezi wa tatu kabla mvua haijaondoka. Mgonjwa husamehewa zamu zake na hulimiwa bure. Asiye mgonjwa na asiyekuja, haendewi.

"Nesi," akasema Mama Adela, "tunapanga zamu. Wifi yangu tumwandike mgonjwa au mzima?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulizeni Sista. Mzee Kasto alikuwa pale, na manesi wawili, na wote walisubiri wasikie mtaalamu atasema nini. "Mguu wake hauna kitu," nikasema. "Nimemwona kwa macho yangu akienda kanisani. Akitaka, analima."

Ni lile neno "akitaka" ndilo lililofanya kazi yote. Mama Adela aliinua kikapu chake akaondoka. Kwenye milima ile mtu anaweza kusamehewa ulevi, lakini mwanamke anayejifanya mgonjwa ili wenzake wamlimie, huyo hana pa kuweka uso. Habari nilizipata kipande kwa kipande, jikoni, huku nikimenya vitunguu. Mama Odilo aliitwa kwenye ngokela, akaenda. Alianguka ndani ya shimo mara tatu kabla ya saa nne. Wanawake walisema anaigiza. Mmoja alisema, "Kanisani mzima, shambani kilema, basi tumjengee nyumba kanisani." Mchana aliweka jembe begani akaondoka bila kula, na kesho yake hakwenda, na jina lake likatolewa. Mzee Beno, kana kwamba hakusikia, alifyeka shamba la mke wake akalaza nyasi zote katika miraba yake, imenyooka vizuri. Kila aliyepita njiani aliziona zinageuka kutoka kijani kuwa manjano, hakuna anayechimba. Na shamba lisilolimwa kule huwa halikosi wapenzi. Tayari kulikuwa na mke wa shemeji aliyeanza kuuliza kwa upole kama si vema mwaka huu alitumie yeye. Na mwaka wa kupewa mtu mwingine, kule, mara nyingi huwa ndio mwaka wa mwisho.

Alikuja kwangu Jumanne kama kawaida. Hakushika mianzi. Alisimama katikati ya chumba.

"Binti, umesema mimi mwongo?"

Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayechagua kila neno kabla ya kulitumia. Nilikuwa na kamba ya kupimia mkononi, nikaanza kuizungusha kidoleni. "Mama, sijasema mwongo. Nimesema nimekuona ukienda kanisani. Unatembea vizuri sana ukienda kanisani."

"Ndiyo. Nikienda natembea. Namshukuru Mungu ananisaidia kwenda kwake. Na nikirudi, umeniona?"

Sikuwa nimemwona. Misa ilipokwisha mimi nilikuwa jikoni nakula, au nafua, au nalala. Katika Jumapili zote zile sikuwahi kujiuliza kwamba mtu aliyekwenda lazima arudi.

"Jumapili utanisindikiza," akasema, akatoka. Pa, shwaa, pa, shwaa, kwenye varanda yote mpaka nikaacha kumsikia.

Jumapili ile sikusikiliza mahubiri. Baada ya misa nilimfuata nyuma kwenye njia ileile. Sasa mlima ulikuwa kushoto kwetu na bonde kulia. Hatua ya nne vidole vyake vilijikwaa kwenye udongo. Hatua ya saba tena. Mguu wa kushoto, usiokunja goti, sasa ulikuwa upande wa juu, na ardhi ilikuwa inaupandia. Hakukuwa na nafasi ya kuupitisha. Aliuzungusha nje, ukagonga ukingo wa mlima. Aliushika kwa mkono, akauinua kama mzigo wa mtu mwingine, akauweka mbele. Pale ambapo asubuhi alipita kwa dakika chache, tulitumia karibu saa nzima, na alianguka mara mbili. Mara ya pili ukucha wa kidole gumba ulinyanyuka. Nilipiga magoti nimfunge kwa leso yangu, na nikiwa nimeinama pale, uso wangu karibu na miguu yake, ndipo nikaelewa jambo ambalo mtoto yeyote wa Kimatengo angeniambia kama ningeuliza. Akienda, bonde liko kushoto, ardhi inaukimbia mguu mgumu, unapita bila kugusa. Akirudi, mlima unausubiri. Hakuwa watu wawili. Ilikuwa njia moja yenye pande mbili, na mimi niliyezaliwa kwenye mchanga wa ziwa nilidhani njia ni njia. Nililia pale chini. Si kilio cha kupendeza. Kamasi na yote. Yeye akanisogezea mguu, akasema, "Funga vizuri, binti, inavuja."

Nilimwambia Sista Redempta kila kitu jioni ileile, nikisubiri anifukuze. Hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Kalete ndoo." Kesho yake tulitawanya majivu nje, ubavuni mwa mlima nyuma ya hospitali, tukamwita Mama Odilo apite, bonde likiwa kushoto. Nyayo zilikuwa sawa, fundo kwa fundo. Sista alizitazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni. "Mimi nimekaa hapa miaka yote nikisikiliza saruji," akasema. "Mlima umeshatuonyesha. Sasa tumtengenezee mlima mdogo wa kubeba." Alimaanisha kiatu: kuongeza soli ya mguu mzima, wa kulia, ili ule wa kushoto upate nafasi ya kupita hata kwenye sakafu.

Fundi viatu alikuwa Mzee Hyera, aliyeshona makatambuga ya matairi sokoni. Nilimweleza: jozi moja, ya kulia iongezwe unene wa kidole kimoja. Nilimwambia mara mbili. Siku ya kuchukua, Mama Odilo alivaa, akasimama, akapiga hatua moja, akaangukia meza ya fundi na misumari yote. Soli ilikuwa imeongezwa kushoto. "Nesi, nilikuonea huruma," akasema Mzee Hyera, anaokota misumari. "Nilijua umechanganya. Mguu mgonjwa ni huu, sasa ule mzima unaongezewa ili iweje? Nikasema nisikuaibishe, nirekebishe kimyakimya." Nilitaka kukasirika, nikakumbuka kuna watu waliotenda makosa makubwa zaidi kwa kujiamini kuliko huruma ya Mzee Hyera. Alibandua, akabandika upya, huku akitikisa kichwa kwa kazi ya ajabu kama hiyo. Mama Odilo alivaa tena, akapita kati ya meza za soko. Nilifumba macho. Pa, sha, pa, sha. Haikuwa kamili, goti lilibaki gumu mpaka mwisho wa maisha yake, na kwa miezi mingi baadaye tuliendelea na makofi na mistari ya mkaa. Lakini mfereji wa vidole ulikuwa umetoweka kwenye majivu.

Kiatu kilikuwa kazi rahisi. Neno langu ndilo lilikuwa bado linatembea vijijini, nalo halikuchechemea. Niliomba ruhusa siku moja, nikapanda hadi shamba ambalo ngokela ilikuwa inalima, nikasimama juu ya tuta. Nilisema nilikosea. Nilieleza mlima na bonde, kwenda na kurudi. Bibi wawili hawakuelewa Kiswahili vizuri, kwa hiyo Mama Adela mwenyewe ilimbidi anitafsirie, na ilikuwa ajabu kusikia aibu yangu ikitoka kwa ile sauti yake ya kuamrisha. Nilipomaliza, mmoja wao alisogea pembeni akajaribu, hatua tano huku, hatua tano kule, akiukaza mguu wa kushoto usijikunje. Akajikwaa akirudi. Wakaangaliana.

"Tumekusikia," akasema Mama Adela. "Hata mimi nilimwona akienda, na nina macho ya huku huku, kwa hiyo sitakuchapa peke yako. Lakini ngokela hailipwi kwa pole. Amekosa siku sita. Hapa wote tumelimiana, siku kwa siku. Tukimwendea bila siku zake, kesho kila mtu ataleta hadithi yake."

"Alikuwa mgonjwa," nikasema. "Mgonjwa husamehewa."

"Mgonjwa huandikwa mwanzoni. Tulikuuliza mwanzoni." Alisema bila ukali. "Siku zile zina nani wa kuzilima?"

Nikasikia mtu anasema "Mimi," na mtu huyo alikuwa mimi. Kicheko kilichofuata kilisikika, nadhani, mpaka Songea. Mnyasa kwenye ngoro! Bibi mmoja ilibidi ashikwe asianguke shimoni.

Nilichukua siku sita za likizo yangu. Sitajisifu. Siku ya kwanza nilichimba mashimo matatu wakati wenzangu wakichimba kumi na mawili, na matuta yangu yalibomolewa kimya kimya na kujengwa upya na mwanamke aliyenifuata. Siku ya pili viganja vilipasuka. Walinifundisha kusimama: mguu mmoja chini umenyooka, mmoja juu umekunjwa, ubavu mmoja ukielekea bonde, na usijaribu kuilazimisha miguu iwe sawa. Jioni nilipoingia kwenye sakafu tambarare ya jikoni nilikuwa nachechemea, na Mzee Kasto aliita kila mtu aje atazame. Mchana tulikula pamoja, ugali na maharage na majani ya maboga, na nilisikiliza maongezi ambayo hospitalini nisingeyasikia hata miaka kumi: nani goti linamsumbua akishuka tu, nani hupita njia ya mtoni kwa sababu mgongo wake unaipenda, nani tangu azae pacha huteka maji kwa kuzunguka mlima mzima upande mmoja. Walijua miteremko yote kwa miili yao. Nilikula polepole ili niendelee kusikiliza. Mambo niliyowafanyia wagonjwa kwa miaka thelathini na zaidi baadaye, kuanzia kumuuliza kila mtu njia ya kwao imelalia wapi, yalianza pale, kwenye sahani moja na wanawake walioniona sina maana yoyote.

Siku ya saba ilikuwa ya shamba la Mama Odilo. Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Wiki moja zaidi na maharage yasingefaa. Nyasi za zamani zilishaoza, lakini Mzee Beno, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshafyeka nyingine na kulaza miraba upya, akakaa kwenye jiwe la juu na kofia magotini. Mama Odilo alifika amevaa makatambuga yake. Aliwasalimu wenzake mmoja mmoja, nao wakamwitikia bila kumtazama sana, maana nao walikuwa na aibu yao. Kisha akavua viatu, maana upande ule hakuvihitaji, akaviweka kwenye tuta, akaingia shimo la kwanza la mstari, bonde likiwa kushoto kwake.

Katika ngokela mnalima mstari mmoja ubavuni mwa mlima. Ukimaliza shimo lako unawapita wenzako kwenda linalofuata, mpaka mnafika mwisho wa shamba. Pale mnageuka, na mstari wa pili mnaulima mkirudi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote sita, ndivyo mama zao walivyolima. Mama Odilo alichimba mstari ule wa kwanza bila kuanguka hata mara moja. Alichimba kuliko mimi, jambo dogo, lakini alichimba pia kuliko Mama Adela, na mgongo wake ulikuwa unacheka. Nilikuwa nyuma yake na nilikuwa nafurahi kama mpumbavu. Ndipo tulipofika mwisho wa shamba, na nikauona mlima upande wa kushoto wa yule ambaye angegeuka. Soli ya unene wa kidole ilitosha njiani, si ndani ya mashimo.

Yeye alishauona kabla yangu. Alisimama, akafuta jasho, akaanza kuchechemea pembeni ili asiwazibie wenzake njia. Aliketi kwenye ukingo wa shamba kama mtu aliyechoka, akaweka jembe mapajani. Mzee Beno alisimama juu kule kwenye jiwe lake. Nilijua kwamba akibaki ameketi pale mstari wa pili, na wa nne, na wa sita, basi nusu ya siku angekuwa analimiwa, na safari hii angejiona mwongo yeye mwenyewe.

Mama Adela, aliyekuwa ameshageuka na jembe limeinuliwa, alilishusha. Alimtazama wifi yake, akatazama mstari, akasema maneno machache kwa Kimatengo, kwa ile sauti yake. Wanawake kumi na watatu waliweka majembe mabegani wakaanza kutembea kurudi kule tulikoanzia, shamba zima, bila kuchimba hata shimo moja. Mmoja wao, aliyekuwa ameyabeba yale makatambuga tangu mwanzo wa mstari, akamwekea Mama Odilo miguuni avae kwa ajili ya kurudi.

Kimatengo changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo nilimshika kanga yule aliyekuwa karibu nami, nikamuuliza Mama Adela amesema nini.

"Amesema leo tunalima kwenda tu."